Mdomo Huu ni Wangu

Nilipokuacha Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama ofisini kwa Meneja, mdomo nimeubana, barua ya likizo mkononi.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ndiye sauti ya kituo kikuu cha mabasi. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile kibanda cha vioo juu ya ofisi ya tiketi, nikiwaambia watu basi lao lipo geti gani. Sura yangu hawaijui. Sauti wanaijua. Wameniita Spika mpaka jina langu la kweli limebaki kwenye kitambulisho tu.

Halafu meno yakaanza kuisha. Yakapungua, yakamomonyoka, na moja la mbele likakatika katikati ya tangazo. Nikasema geti la sita, watu wakasikia la tisa. Mzee mmoja aliyekuwa anawahi mazishi ya kaka yake akapanda basi lisilo lake. Kaka mtu akazikwa bila yeye.

Hilo ninalo moyoni na sitalikwepa.

"Chukua likizo yako yote uliyolimbikiza," Meneja aliniambia. "Miezi mitatu. Ukirudi, uwe unatamka."

"Na kama bado sitamki?"

"Stoo ya vifurushi inahitaji mtu. Mle ndani hakuna kuongea."

Hapo ndipo tulipoishia.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama ameshapata habari. Naishi naye tangu ndoa yangu ilipovunjika, na habari za kituo humfikia kabla yangu. Mama hana jino hata moja la kuzaliwa nalo. Alitoa yote kwa mkupuo, akawekewa ya bandia.

"Ng'oa yote," akasema kabla sijavua viatu. "Mimi niling'oa nikapumzika. Ya bandia hayaumi, hayaozi. Ukilala unayatia kwenye glasi, nayo yanalala."

"Mama, nina miaka arobaini na nne."

"Ndiyo maana nakwambia uwahi."

Kesho yake akanisindikiza kliniki ya meno. Usidhani ni kwa huruma. Alikuja kuhakikisha nayang'oa hadi la mwisho.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu, kichwa kidogo, mikono mitulivu. Akanipiga picha, akaniumisha ufizi kwa kijiti chenye alama, akamtajia msaidizi wake namba nyingi. Kisha akawasha skrini. Kinywa changu chote kikatokea pale, meno yamepangwa kama watuhumiwa.

"Haya manne hayaokoki," akasema, akigusa moja moja kwa kalamu. "Mizizi imeoza. Mengine yamefupika sana, lakini mizizi yake ni mizima."

"Basi yatoe yote, daktari," mama akadakia. "Ya nini kubagua?"

"Hiyo ni njia mojawapo, mama, na wapo inayowafaa. Lakini si njia pekee." Akanigeukia. "Kuna matibabu ya kujenga upya kinywa kizima. Umewahi kuyasikia?"

"Nimesikia yale ya watu wa televisheni, meno meupe kama sinki."

Akacheka. "Hayo ni ya urembo. Haya ni ya kukufanya utafune na kuongea. Tunaanza na ufizi, maana una ugonjwa. Tukijenga juu yake tutakuwa tunajidanganya. Tunatoa yasiyookoka. Yaliyobaki tunayavika kofia ngumu, kila jino na yake. Penye pengo tunaweka daraja linaloshikilia meno ya pande mbili, au tunapanda skrubu ndogo kwenye mfupa, tunasubiri mfupa uishike, halafu jino linakaa juu yake."

"Yote siku moja?"

"Siku moja!" Akatikisa kichwa. "Ni miezi, dada. Labda mwaka na zaidi. Meno yako yamefupika mpaka taya la chini linapanda kupita kipimo. Ndiyo maana mashavu yanakuuma asubuhi. Inabidi turudishe kimo. Kwa hiyo kwanza utavaa meno ya muda, utakula nayo, utaongea nayo, utalala nayo. Kinywa chako kikiyakubali ndipo tunatengeneza ya kudumu."

"Kikiyakataa?"

"Tunarekebisha. Na sikufichi: hata ya kudumu huvunjika, hata skrubu hugoma kushika. Gharama yake ni kubwa. Na utarudi hapa kukaguliwa maisha yako yote. Sikuchagulii. Nakueleza tu."

Nilipenda alivyosema. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu tulipoingia.

"Meno haya yamelainika upande wa mbele, kama sabuni iliyotumika. Hiyo ni asidi. Unanyonya nini?"

"Maji," nikasema.

Hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, msomaji, maana wiki zote hizi nimekusimulia mabaya niliyotendewa. Leo nakupa nililolitenda mimi.

Daktari hakubishana. Alivuta kadi ya zamani kutoka kwenye faili, imekunjika pembeni.

"Ulishakuja hapa miaka sita iliyopita. Daktari aliyekuwepo ameandika hivi: mgonjwa hunyonya ndimu kila siku kusafisha sauti. Ameelezwa aache. Husaga meno usingizini. Ameelezwa avae kinga usiku. Hakurudi."



Ndimu. Kila zamu nilikata tatu, nikatia chumvi, nikanyonya katikati ya matangazo. Aliyenifundisha kazi alinyonya ndimu, nami nikaamini sauti yangu inatoka humo. Nilipoambiwa niache niliona ni sawa na kuambiwa niache kazi. Nikatoka kliniki, nikapita sokoni, nikanunua ndimu.

Mama akawa ananitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani kwake.

"Miaka sita ulikuwa unajua?"

"Mama..."

"Mimi nimewaambia majirani ni damu yangu. Kwamba meno mabovu umeyarithi kwangu." Sauti yake ilikuwa chini, na mama akishusha sauti ujue mambo yameharibika. "Nilikuomba msamaha, mwanangu. Siku ile jikoni, nalia. Ukanijibu nini?"

Nilitamani kiti kile kinimeze.

"Nijibu mbele ya daktari. Ukaniambia nini?"

"Nilikwambia nimekusamehe."

Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nilimkuta kwenye benchi la kolido, chini ya bango la kupiga mswaki. Nikakaa karibu yake. Hakusogea, wala hakuniangalia. Tukakaa hivyo mpaka wagonjwa wawili wakaitwa na kuingia.

"Unajua kwa nini chakula nakilia chumbani?" akauliza ghafla.

"Unasikiliza redio."

"Redio ni ya kuziba masikio yako. Nayavua, mwanangu. Meno haya yanacheza. Chakula kinaingia chini yake, kinakwaruza mpaka machozi. Miaka kumi na moja nameza nyama kwa maji, kama kidonge."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndimu uliniambia?"

Akafuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama anayafukuza machozi.

"Na nikwambie jingine, maana leo ni siku ya aibu. Nilitaka uyang'oe yote ili tuwe wawili. Ni roho mbaya. Najua ni roho mbaya."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamshika mkono. Akaniachia kidogo tu, halafu akauvuta.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sijaomba bado."

"Basi uombe vizuri, na si leo."

Tukarudi ndani pamoja. Nikasimama, sikukaa.

"Daktari, yanayookoka yaokolewe. Nimeambiwa na Meneja, nimeambiwa na mama, nimeambiwa na kila mpita njia cha kufanya na mdomo wangu. Mdomo huu ni wangu. Niliuharibu mwenyewe, nitaujenga mwenyewe."

"Na ndimu?"

"Ndimu nimeziacha hapo nje."

"Nitakuamini nikiona," akasema, na akaandika. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe mama, nani aliangalia hayo ya kwako mara ya mwisho?"

"Aliyeniwekea."

"Miaka kumi na moja! Mfupa wa taya husinyaa, mama. Meno yabaki vile vile na taya lipungue, lazima yacheze. Hayo ni ya kubadilishwa. Hukupaswa kuteseka hivyo."

Mama akanitazama mimi, siyo daktari, kama kwamba mimi ndiye niliyeficha na hilo.

Nilikuwa na kiwanja cha kujengea nje ya mji. Sasa nina meno ya muda. Sina zaidi la kusema juu ya fedha.

Manne yaling'olewa. Ufizi ukasafishwa mara nyingi kuliko nilivyosafishwa maishani. Nilivuja damu, nikavimba, nikala uji mpaka nikauchukia. Nikapewa kinga ya plastiki ya kulalia, na mama akaniambia ng'ambo ya ukuta wake sasa kuna kimya, hasikii tena mashine ya kusaga.

Jirani mmoja akanisimamisha getini.

"Nasikia unajitengenezea meno. Mtu wa umri wako, huna mume, unajirembea nani?"

"Karanga," nikamwambia.

Akakaa anazitafuta maana za neno hilo, mimi nikaingia ndani, nikiwaza siku nitakayozitafuna tena.

Wiki ya tisa nikawekewa meno ya muda, juu na chini. Nilijiangalia kwenye kioo cha kliniki na kuona uso wangu umekuwa mrefu, mashavu yamerudi mahali pake. Nikafungua mdomo kumshukuru daktari. Kikatoka kitu kama mluzi.

Nikauziba mdomo kwa kiganja.

"Usiogope," akasema. "Ulimi wako ulizoea nyumba yenye kuta fupi. Unagonga kila mahali. Soma kwa sauti kila siku, utazoea."

Basi nikasoma. Magazeti, maelezo ya dawa, risiti. Mama alikaa kwenye kiti chake, bado hajanisamehe, na kunisahihisha kama mwalimu wa zamu.

"Rudia."

"Zizi la sungura."

"Umesema nini cha sungura?"

"Zizi!"

"Ukiwa na hasira linasikika. Rudia bila hasira."

Siku ya ishirini na kitu, mluzi ukakatika. Sikuona ulipokwenda. Nilikuwa namsomea habari za kesi ya mwizi wa nyaya, nikafika mwisho, na mama hakusema rudia. Alisema, "Soma nyingine."

Nikajua niko tayari.

Nilirudi kituoni Jumatatu asubuhi, wiki moja kabla likizo haijaisha, gauni limepigwa pasi. Mama alikataa kubaki nyumbani. Tukaingia lango kubwa katikati ya mizigo na wapakiaji, na hapo spika zikakoroma.

"Abiria mnaosafiri na basi la saa mbili na nusu, tafadhali elekeeni geti la tatu."

Nikasimama. Mpakiaji akanigonga na begi, sikusikia maumivu.

Ilikuwa sauti yangu.

Siyo kama yangu. Yangu. Ya zamani, safi, kila herufi imekaa.

"Uko hapa," mama akanong'ona akinishika kiwiko, "na uko kule juu."

Nikapanda ngazi mbili mbili. Kibandani hapakuwa na mtu wa kutangaza. Alikuwepo Fundi Mitambo, mtu tuliyekunywa naye chai miaka kumi na miwili, ameinama mbele ya kompyuta. Aliponiona akavua kofia kama yupo msibani.

"Spika..."

"Umefanya nini?"

"Nimeagizwa. Zile kanda za matangazo yako ya zamani, za kumbukumbu. Nikakatakata maneno, nikayaunga upya. Namba zote zipo, miji yote, mageti yote. Meneja alisema ni za muda."

"Meno yangu ndiyo ya muda. Hii ni ya muda gani?"

Nyuma yangu Meneja alikuwa ameshafika, anatabasamu.

"Dada! Umependeza. Kweli, umependeza. Umejisikia? Abiria hawajagundua hata mmoja. Mimi naona hiyo ni heshima, sauti yako haitazeeka kamwe."

"Nani aliyekuruhusu?"

"Ulirekodi ukiwa kazini, kwenye kipaza sauti cha kituo." Akatoa karatasi kwenye jalada, alikuwa nayo tayari. "Weka sahihi hapa kwamba huna pingamizi, mambo yaishe kwa amani. Stoo nimekutunzia nafasi."

"Naongea, Meneja. Nisikilize. Naongea."

"Nakusikia. Lakini hayo meno si umesema ni ya muda? Na ya kudumu yakija utaanza tena kujifunza. Mashine haina likizo, haiendi kliniki." Akanisogezea kalamu. "Hapo chini tu."

Nikaichukua karatasi. Nikaisoma yote, kwa sauti, neno kwa neno, kila sahihi na kila pingamizi, mpaka wakata tiketi chini wakainua vichwa kusikiliza. Nilipomaliza nikaikunja mara nne na kumrudishia.

"Sitii sahihi."

"Utajuta."

"Nimeshajuta mengi, nafasi imejaa."

Mama, aliyekuwa amefika juu akihema, akakaa kwenye kiti changu cha kutangazia bila kukaribishwa. "Mwanangu amekwambia hataki," akamwambia Meneja. "Sasa tueleze nani mkubwa wako."

Kumbe huyo mkubwa alikuwa anakuja. Fundi Mitambo ndiye aliyeropoka: Mwenyekiti wa bodi anafika kesho saa nne kuukagua mtambo mpya kabla haujapitishwa.

"Basi anisikie na mimi," nikasema. "Karatasi moja, tusome wote wawili. Mimi na hiyo mashine."

Meneja alifikiri, na nikaona kwenye macho yake kwamba ameona faida. Mwanamke wa meno ya muda mbele ya bodi. "Sawa," akasema. "Njoo. Lakini ukishindwa, unatia sahihi mbele yake."

"Nikishindwa, natia."

Mama aliniangalia kama nimeuza na nyumba yake.

Asubuhi yake niliamka mapema, nikaoga, nikasoma ukurasa mzima bila kosa. Nikapiga mswaki polepole, kama nilivyofundishwa.

Kitu kikaanguka kwenye sinki.

Daraja la mbele. Meno manne yameshikana, yametua karibu na tundu la maji kama yanataka kuondoka. Nilipoinua uso, kwenye kioo palikuwa na shimo na vijino viwili vilivyochongwa.

Nikampigia daktari, nikamweleza kwa maneno yaliyojaa upepo.

"Yamekatika?"

"Yametoka mazima."

"Hilo hutokea, gundi ya muda ni dhaifu makusudi. Usibandike na gundi yoyote ya dukani, utaharibu kila kitu. Yafunge kwenye kitambaa safi, njoo nayo. Nitakupokea saa tano."

"Nina kikao saa nne."

"Kiahirishe."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mpigie Meneja. Mwambie unaumwa."

"Akisikia naumwa leo, mashine inapita leo."

"Utaenda hivyo? Mbele ya watu?"

"Ndiyo hivi nilivyo, mama."

Akaingia chumbani kwake. Nilidhani amekasirika. Alitoka amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba begani.

"Nimekusamehe," akasema. "Twende, tutachelewa."

Kibanda kilijaa watu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya dhahabu, ameketi kwenye kiti changu, macho ameyafumba anasikiliza. Mashine ilianza. Sauti yangu ya miaka ile ikasoma ukurasa mzima bila kuvuta pumzi hata mara moja, ikamaliza, na watu wakapiga makofi.

Meneja akageuka akaniona. Akaona na pengo. Uso wake ukachanua.

"Mheshimiwa," akasema, "na huyu ndiye mwenye sauti."

Mwenyekiti akavua miwani, akanitazama mdomo, akamtazama Fundi Mitambo, akanirudia mimi.

"Huyu? Haiwezekani."

Mlangoni mama yangu alikuwa amesimama wima, mkoba ameukumbatia. Kitambaa chenye meno yangu kilikuwa mfukoni, kimelowa jasho. Nikapita katikati yao wote, nikainama mbele ya Mwenyekiti na kuvuta kipaza sauti upande wangu, mdomo wazi, shimo na kila kitu.

"Inawezekana," nikasema, na neno likatoka na mluzi wake wote. "Fundi, zima hiyo mashine. Niwashie mimi."

Fundi Mitambo akamtazama Meneja. Kisha akanyoosha mkono kwenye swichi.